Kumtafutia Meneja Mwenzake

Alexander Koros hakuwa mtu wa kutulia, lakini Jumapili ndiyo ilimshinda kabisa. Wakirudi kutoka kanisani, mkewe Rodah alibadilisha nguo, akawasha moto na kuteleka chai, na muda huo wote mzee alikuwa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, simu mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alitoka nje kuangalia ng'ombe ambao alikuwa amewaangalia sasa hivi. Akarudi. Akaifuta simu kwa shati. Akamuuliza Rodah kama netiwaki iko, na Rodah akamjibu kwamba netiwaki si ndama aliyepotea hata aende akaitafute kwa kiboko.

"Keti, Baba Nelvine. Ukizunguka hivyo ndiyo atapiga haraka?"

"Si nimeketi," Alexander alisema, akiwa amesimama wima katikati ya sebule.

Aliyesubiriwa ni binti yao, Nelvine, aliyekwenda Doha kufanya kazi katika duka la dawa la hospitali. Na simu ikilia, Nelvine hakuuliza habari za baba yake. Aliuliza habari za samaki.

"Chamgei, Baba. Meneja yuko aje?"

Hapo Alexander aliigeuza simu ielekee kwenye tangi la kioo lililokuwa ukutani, refu kama kochi la watu watatu, na Meneja akaonekana. Alikuwa samaki wa aina ya oska, mnene, mweusi mwenye michirizi ya rangi ya chungwa, mkubwa kuliko kiganja cha mwanamume, na karibu na mkia alikuwa na duara lililofanana na jicho la pili. Nelvine alimnunua akiwa mdogo wa saizi ya kidole, enzi zile alipokuwa akifanya kazi katika duka la dawa mjini Kericho, akamleta nyumbani Kiptere. Samaki hakukawia kuonyesha tabia. Aliichimba changarawe yote akaihamishia kona moja. Aling'oa majani yaliyopandwa kwa ajili ya urembo. Kisha akakaa katikati ya maji akiwatazama wenye nyumba kana kwamba wao ndio wapangaji. Nelvine akamwita Meneja, na Alexander, aliyemaliza ujana wake wote chini ya mameneja wa kiwanda cha chai, katika ghala la kunyausha majani, hakuona sababu ya kupinga. Aliwajua watu wa namna hiyo.

Sasa utauliza, ni baba gani huyu anayepigiwa simu kutoka ng'ambo aulizwe samaki? Ni baba aliyejitakia. Nelvine alikuwa ametaka kuolewa na Mageto, fundi wa umeme, mtoto wa Osoro. Osoro alikuwa Mkisii aliyekuja zamani kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai na hakurudi kwao tena. Alexander na Osoro walifanya kazi zamu moja miaka na miaka, wakanywa chai ya chupa moja, wakazikiana wazazi. Huyo Mageto mwenyewe alizaliwa katika nyumba za kampuni, akakua akizungumza Kipsigis, lugha ya Alexander, kuwashinda Wakipsigis wengi wa rika lake. Lakini jambo lilipoletwa nyumbani, Alexander alisimama mbele ya ndugu zake akasema, "Rafiki ni rafiki, na mkwe ni mkwe. Huyo hataingia boma hili nikiwa hai." Kama angelisema jikoni, angeweza kulimeza baadaye pamoja na ugali. Alilisema mbele ya watu, wazee wakatikisa vichwa kukubali, na neno likamkwama hapo lilipokuwa.

Nelvine alitafuta kazi ya mbali, akaipata, na siku ya kuondoka alimwambia baba yake kitu kimoja tu: "Baba, nitunzie samaki."

Tangu siku hiyo jina la Mageto halikutajwa tena sebuleni. Rodah alizungumza na binti yake kwa simu yake mwenyewe, jikoni, mlango umefungwa, na Alexander alisikia vicheko vikipita chini ya mlango. Yeye alibakiziwa samaki. Alijua vizuri, ingawa hakumwambia mtu, kwamba siku Meneja atakapokufa, simu ya Jumapili itakufa naye. Ndiyo maana alikuwa hatulii. Alilichungulia tangi lile mara nyingi kuliko alivyochungulia shamba lake la chai, na pampu ikikohoa kidogo tu, yeye alikuwa ameshainuka.

Ikaja baridi ya Julai, ile inayoingia kwenye mifupa ya watu wa huku na kukataa kutoka. Meneja akaacha kula. Akajiegemeza kwenye kona, kichwa chini, rangi yake ya chungwa imefifia ikawa kama kutu. Nelvine alimwona kwenye simu.

"Baba, mbona amejilaza hivyo? Ni kama hana raha."

"Ni baridi tu."

"Umeangalia ile hita? Badilisha maji kidogo. Baba, please, usiache akufe."

Alexander alibadilisha maji. Aliangalia hita, ilikuwa sawa. Alimpa nyungunyungu waliotoka kwenye samadi ya ng'ombe wake mwenyewe, wanono, na Meneja akawatazama wakizama bila kufungua mdomo. Mzee akashinda siku nzima akizunguka kati ya tangi na zizi. Na huko zizini, akimkamua ng'ombe huku wengine wakicheua kando, jibu likamjia. Samaki yule alikuwa peke yake! Mtu mwenye akili hafugi ng'ombe mmoja. Ng'ombe mmoja hulia usiku na mchana, hukonda, na mwisho huvunja ua akawatafute wenzake. Kilichomsumbua Meneja hakikuwa ugonjwa. Alikuwa mpweke, na upweke Alexander aliujua, maana alikuwa na wake.

"Nitamtafutia mwenzake," alimwambia Rodah.

"Samaki amekuambia?"

"Haina haja aniambie."

Hakusubiri. Jioni ile ile alikwenda kwa jirani yake Weldon, ambaye alikuwa na kidimbwi cha tilapia bondeni, akarudi na ndoo yenye vifaranga vya samaki, vichangamfu, vinang'aa. Akavimimina kwenye tangi kwa heshima zote, akavuta kiti ili aone wageni wakipokewa. Meneja aliinua kichwa. Akatoka kwenye kona yake polepole, akamsogelea wa kwanza, akafungua mdomo, na mgeni akaingia mzima mzima. Kisha wa pili. Kufikia wakati Rodah alipoleta chakula cha jioni mezani, Meneja alikuwa amepona, rangi imerudi, anapiga kioo kwa mkia akidai nyongeza.

Rodah alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Nelvine, wewe hukumletea wageni. Umemletea mboga!"

Jumapili Alexander alimsimulia Nelvine, kwa sababu hakuwa na la kusimulia zaidi ya hilo. Alitarajia kugombezwa. Badala yake alisikia kicheko, kile cha zamani cha binti yake, kinachoanzia tumboni na kuishia kwa kikohozi. "Baba! Kitu yoyote inaingia kwa mdomo yake ni chakula! Sasa hao wadogo walikukosea nini?" Akacheka tena. Alexander alisimama pale ameishika simu, naye akicheka bila sauti, na machozi yakamlenga.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Meneja alikuwa ameshapona na hakuhitaji mtu. Lakini mzee alikuwa amekionja kicheko kile, na mtu aliyeonja asali huchonga mzinga. Alitaka Jumapili nyingine kama ile. Akaanza kuota mwenzi wa kweli wa Meneja, mkubwa, wa kutoingia mdomoni, ambaye Nelvine akimwona kwenye simu atapiga kelele. Wiki nzima hakushika kazi yoyote ikakamilika. Alianza kupogoa chai akaiachia katikati ya mstari. Rodah alimkuta ameegemea ua akipima hewa kwa mikono, saizi ya samaki.

Mjini Kericho, nyuma ya soko, kulikuwa na msichana mmoja anaitwa Winny aliyeuza samaki wa mapambo. Nelvine mwenyewe alikuwa mteja wake zamani. Winny alimkaribisha mzee, akamsikiliza habari za tilapia bila kucheka, jambo ambalo lilimpendeza.

"Mzee, oska ni kama mwenye nyumba mkali," Winny alisema. "Hawezi kukaa na wadogo, atawameza. Na hawezi kukaa na mkubwa wa kabila yake, mwenye anataka pahali ile ile anataka. Mtafutie mwenye ni mkubwa lakini shida zake ziko kwingine."

Akamwonyesha. Kulikuwa na samaki bapa wa rangi ya fedha, wapana kama visahani, wanaotembea kwa kundi sehemu ya juu ya maji, wenye hofu kidogo na mbio nyingi. Kulikuwa na pleko, samaki wa chini mwenye ngozi ngumu kama gamba la mti, anayeshinda akilamba mawe na asiyejali anayetawala ni nani. "Huyu atakaa juu, huyu atakaa chini, na Meneja atabaki na katikati yake. Kila mtu na floor yake. Hakuna vita."

Alexander alitikisa kichwa kwa adabu. Lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye tangi la pembeni, ambako samaki mmoja alikuwa peke yake, mweupe mwenye madoa meusi mwili mzima kama chui, taya limetokeza, meno yanaonekana. Alikuwa ameganda akimtazama mzee uso kwa uso.

"Na huyo?"

"Huyo ni jagwa. Huyo hapana, Mzee. Hata mimi nikiweka mkono ananiuma."

"Ni saizi ya Meneja kabisa."

"Ndiyo maana nasema hapana. Si unajua, mafahali wawili hawakai zizi moja."

Kama Winny angekuwa amenyamaza, pengine mzee angelichukua pleko akaenda zake. Lakini methali ile ilimgusa Alexander pale anapojiona bingwa. "Mama, aliyetunga hiyo methali ng'ombe alimwona kwa bucha," alisema. "Mimi nimezaliwa kwa ng'ombe. Mgeni akiingia kwa boma lazima wapigane. Ni siku moja tu. Ukiwaacha wamalize, kila mtu anajua mkubwa wake, wanalamba chumvi pamoja mpaka wazeeke. Shida ni ile ya kuwatenganisha. Ukiwatenganisha kabla hawajamaliza, watapigana kila siku."

Na hakuwa anadanganya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika boma la baba yake, na ndivyo yeye mwenyewe alivyofanya kila aliponunua ng'ombe. Unawapeleka wote malishoni, mgeni na wenyeji, unaketi juu ya kichuguu na fimbo yako chini, unawaachia. Mtoto akikimbilia kuwaamua anakemewa. Winny alibishana naye mpaka akachoka, kisha akamfungia jagwa kwenye mfuko wa maji, akamwambia, "Basi, Mzee, weka beseni karibu."

Ilikuwa Jumamosi. Alexander alikuwa ameipanga siku kwa makusudi, ili Nelvine apige kesho akute wageni wameshazoeana. Alimimina jagwa kwenye tangi akarudi nyuma hatua chache. Meneja alitanua mapezi yote. Jagwa akatanua yake. Wakazungukana, wakapigana kwa mikia mpaka maji yakamwagika sakafuni, kisha wakashikana midomo na kusukumana mbele na nyuma, sawasawa kabisa na mafahali walioshikana pembe, hata mzee akapiga makofi.

"Unaona? Unaona, Mama Nelvine? Ni ng'ombe hao!"

Rodah hakupiga makofi. Alikuwa na ndoo ya maziwa mkononi na aliitua chini. "Toa mmoja. Weka kwa beseni."

"Waache wamalize."

"Ng'ombe akishindwa anakimbia mpaka kwa Weldon. Huyu akishindwa atakimbilia wapi? Hapo ni kioo."

"Wewe hujui mambo ya mafahali."

"Na wewe hujui mambo ya samaki," Rodah alisema, akachukua ndoo yake akaenda.

Asubuhi walikuwa bado wanafukuzana, mapezi ya Meneja yamechanika ncha. Moyo wa mzee ulisita, nisikufiche. Alisimama mbele ya tangi amevaa koti la kanisani, mkono umefika kwenye kifuniko. Angeweza kumtoa mmoja na kuchelewa ibada. Lakini kumtoa kungekuwa kukubali kwamba Rodah alisema kweli, na pia Winny, na Alexander Koros hakuwa na mazoezi ya kukubali. Akaurudisha mkono mfukoni. Kanisani hakusikia mahubiri hata neno. Alisimama watu walipoketi, akaketi watu waliposimama.

Walipofungua mlango wa nyumba, jagwa alikuwa katikati ya maji, ametulia, anawatazama. Meneja alikuwa kwenye ile kona yake, amelala ubavu, mkia umekwisha, jicho moja halipo. Alikuwa amekufa. Changarawe ya kona ile ilikuwa imechimbwa hadi kwenye kioo, na Alexander alielewa kwamba samaki alikuwa amejaribu kutafuta mahali pa kutokea.

Alimtoa kwa mikono. Alikuwa mzito. Alimlaza kwenye beseni, lile ambalo Winny alimwambia aliweke karibu, akapiga magoti pale chini na koti lake la kanisani. Ndipo likamjia lile ambalo Rodah alikuwa amelisema nusu. Hata humu ndani walikuwa wamepigana wawili, baba na binti, na hakuna aliyewatenganisha, na yeye alisimama juu ya kichuguu chake akasubiri mdogo ajue mkubwa wake. Mdogo alishindwa. Ila huyo alikuwa na mahali pa kukimbilia, na akakimbilia Doha.

Simu ikalia.

Aliiacha ilie. Ikalia tena. Rodah alimtazama tu. Mara ya tatu aliishika, akaigeuzia dari, akapaza sauti: "Netiwaki mbaya! Mama, netiwaki mbaya huku, sikusikii!" Alikuwa anamsikia vizuri sana. Nelvine alikuwa anasema, "Baba? Baba, uko sawa?" Akaikata.

Kesho yake, kabla Winny hajamaliza kufungua duka, mzee alikuwa mlangoni na jagwa kwenye ndoo. Alitaka oska mwingine, mkubwa, mweusi, mwenye michirizi ya chungwa. Winny alikuwa naye mmoja. Alimtazama mzee machoni kwa muda.

"Mzee, huyu ni wa kumdanganya nani?"

"Nipe tu, mama."

Safari hii alisikiliza kila neno. Alichukua samaki bapa wa fedha, kundi zima, na pleko mmoja mzee. Winny alimwambia aondoe mawe yote ayapange upya, atengeneze pango la pleko chini na nafasi wazi juu, kisha awaingize wote siku moja, ili pasiwe na wa kusema hapa ni kwangu, nilianza kufika. Alexander alifanya hivyo, mikono ndani ya maji mpaka kwenye viwiko, akisogeza jiwe huku na huku, hatosheki. Rodah alimletea chai ikapoa.

"Mimi sitamdanganya mtoto," Rodah alisema. "Akiniuliza nitamwambia. Lakini pia sitakusemea. Mdomo unao."

Na tangi likapendeza, ajabu. Wale wa fedha walizunguka juu, wakigeuka wote pamoja kama majani ya mti mmoja. Pleko alijibandika kwenye jiwe akasahau dunia. Oska mpya alichukua katikati, akawakaripia wengine siku mbili tatu, kisha akaona hakuna anayemgombania chochote, akawazoea. Weldon alikuja kuangalia akaleta na mkewe. Kila mtu alisifu. Alexander alizipokea sifa hizo kama mtu aliyepewa zawadi ya mwingine kwa makosa. Hakuweza hata kumwita samaki yule kwa jina. Alisema "huyu".

Jumapili ilipofika, aliishika simu mbali, akaitikisatikisa, akavuta pazia ili mwanga uwe hafifu. Nelvine alitazama. Oska alijificha nyuma ya jiwe, akatoa mkia tu. Nelvine akasogeza uso karibu na simu yake, na mzee akaivuta yake nyuma.

"Wako smart, Baba," Nelvine alisema hatimaye. "Hao wengine pia ni poa. Wanaelewana?"

"Wanaelewana."

"Na goti lako? Bado linauma kukiwa na baridi?"

Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Nelvine aliuliza samaki kidogo tu, kisha akauliza goti, akauliza ng'ombe gani amezaa, akauliza kama bado anakwenda kwenye mikutano ya wakulima kubishana. Alexander alipaswa kufurahi. Hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu zamani. Lakini kila swali jema lilimchoma, kwa sababu aliliona limejengwa juu ya uongo wake, na siku uongo utakapotoka, yote yataanguka. Akawa hali vizuri. Akawa anatembea hata ambapo hakuna pa kwenda, anateremka mpaka mtoni na kupanda tena, anahesabiwa na majirani kuwa mgonjwa.

Kisha Nelvine akasema, "Baba, nimepata likizo. Nakuja Disemba."

Rodah alipiga kigelegele kutoka jikoni. Alexander alimwona akilini binti yake amesimama hapo sebuleni, mbele ya kioo, akiita, "Meneja, Meneja," na samaki asiyejua jina hilo akimkimbia. Akaketi kwenye kiti cha karibu, akainuka, akaketi tena, na bila kupanga akasikia sauti yake mwenyewe.

"Nelvine. Meneja alikufa."

Akaigeuza simu ielekee kwenye tangi.

"Alikufa zamani, wakati wa baridi. Nilimletea mwenye nguvu nikaacha wapigane. Mama yako alisema nitoe mmoja. Winny alisema. Mimi nikakataa. Huyu unaona si yeye, nilimnunua ndiyo usijue. Ulinipatia kitu moja tu nitunze na nikaiua kwa kichwa ngumu yangu. Nisamehe, mama."

Alikuwa analia sasa, na hakujali nani anamwona.

"Baba, najua," Nelvine alisema.

"Unajua nini?"

"Nilijua hiyo siku ya kwanza. Meneja akiniona kwa simu alikuwa anakuja mbele. Huyu alinikimbia."

"Na hukusema?" Sauti ya mzee ilikuwa imepasuka. "Miezi yote hii, unaongea na mimi tu, hukusema?"

"Ningesema, ungeona aibu. Na ukiona aibu mimi nakujua, Baba. Sunday ingine hungeshika simu." Nelvine naye alianza kuvuta pua. "Samaki alikuwa tu kitu ya kuanzia. Sikujua nianze na nini ingine."

Muda wote ule, Alexander huku akizunguka sebuleni kwa hofu ya kupoteza simu, kumbe na huko mbali kulikuwa na mwingine akizunguka kwa hofu ile ile. Rodah alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa mkononi, hasogei. Mzee alimtazama mkewe, akaitazama simu, akapangusa uso kwa kiganja. Neno lililomkwama tangu siku ile mbele ya ndugu zake lilikuwa bado lipo, na alilihisi likikwaruza njia nzima lilipokuwa likishuka.

"Na Mageto," alisema. "Yuko aje?"

Kwa muda alifikiri netiwaki imekatika kweli. Kisha akasikia Nelvine akipumua.

"Yuko hapa, Baba. Alikuja huku kazi ya umeme, mwaka jana. Yuko hapa kando yangu kila Sunday. Huwa anatoka kwa picha ndiyo usimwone." Akatazama kando. "Nikupee yeye?"

Rodah aliweka mkono mdomoni. Alikuwa akijua siku zote, na Alexander aliliona hilo usoni mwake, na hakukasirika.

"Mpe," alisema.

Picha ilitikisika, ikaonyesha ukuta, kisha kijana akatokea, amevaa shati safi, mabega yameinuka kwa wasiwasi. Alikuwa amefanana na Osoro mno, hasa paji la uso.

"Chamgei, Baba," Mageto alisalimia polepole kwa Kipsigis.

"Chamgei mising," mzee akaitikia, na kwa kuwa hakujua aseme nini tena, akamuuliza kama huko Doha kuna joto sana.